Rubani Anapotimiza Miaka 65 (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza namna mashirika makubwa ya ndege ya Marekani yanavyoajiri. Leo tuangalie wanaoondoka, maana uhaba wa marubani uliotikisa nchi ile mwaka 2022 ulianzia huko.

Rubani wa shirika kubwa haachi kazi ovyo. Kinachomfunga ni namba yake kwenye orodha ya ukongwe kazini. Namba hiyo ndiyo inayoamua arushe ndege gani, awe na kituo mji gani, apate likizo mwezi gani, na lini ahamie kiti cha kushoto, cha kapteni. Akienda shirika jingine anaanzia mkiani, hata awe na uzoefu wa miaka 20. Basi wengi hungoja sheria iwatoe: umri wa mwisho ulikuwa miaka 60, na Desemba 2007 ukapandishwa hadi 65.

Kapteni wa Boeing 777 akistaafu, wa ndege ndogo zaidi hupanda kukalia kiti chake, lakini kwanza arudi darasani na kufunzwa kwa majuma kadhaa kwenye mashine inayoiga urukaji. Naye ameacha pengo. Rubani msaidizi analijaza, akafunzwe pia. Mnyororo huo huishia kwenye shirika dogo linalohudumia miji midogo, ambako rubani huchukuliwa na wakubwa. Huko uhamaji hauna breki, na kumpata mrithi ni kazi: baada ya ajali ya mwaka 2009 karibu na Buffalo, iliyoua watu 50, sheria ikaja kudai saa 1,500 za kuruka kwa wengi wanaoanza.

Kisha ikaja korona. Mwaka 2020 mashirika yaliwalipa wakongwe waondoke mapema. Delta peke yake iliagana na marubani wapatao 1,800. Abiria wakarudi upesi kuliko ilivyodhaniwa, na wakubwa wakachota marubani kutoka kwa wadogo. Machi 2022 SkyWest, mojawapo ya hao wadogo, ilitoa notisi ya kuacha kuhudumia miji midogo 29. American, mojawapo ya wakubwa, nayo ikajiondoa katika miji ya Toledo na Ithaca. Aliyeumia ni mkazi wa mji mdogo, ambaye hakuwa na kauli yoyote katika mipango hiyo.

Wapo waliotaka umri uwe 67, na Baraza la Wawakilishi liliafiki mwaka 2023. Sheria iliyosainiwa Mei 2024 iliuacha 65, na naona ilifanya vyema. Nyongeza ya 2007 ilisogeza tu wimbi mbele kwa miaka mitano, huku vijana wakikwama palepale. Tena kanuni za kimataifa zinaishia 65. Kapteni wa miaka 66 asingeweza kurusha ndege kwenda London. Angeshushwa kwenye ndege za safari za ndani, afunzwe upya, na kumsukuma mwenzake aliyekuwa pale.

Juma lijalo: mafundi wa ndege.