Betri na Ukoka wa Ukingo wa Ziwa

Katika bustani za Capri Point, ukingoni mwa ziwa jijini Mwanza, ambako ukoka hurefuka upesi wakati wa vuli na masika, mashine ya betri ya kukata nyasi inaweza kuchukua nafasi ya fyekeo na ya injini ya petroli, mradi fundi aelewe tabia yake. Betri za mashine hiyo ni za ioni za lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, na ndani yake mna seli, yaani vijibetri vilivyounganishwa, ambapo seli 10 za volti 3.6 zikipangwa mfululizo hutoa volti 36. Betri ya namna hiyo yenye ampea-saa 5 hubeba wati-saa 180 tu, ilhali lita moja ya petroli ina takriban 9,000, ingawa injini ndogo hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kama joto. Ndiyo maana fundi wa kulipwa hawezi kutegemea betri moja.

Adui mkubwa wa seli ni joto. Betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto huachwa kivulini ipoe kabla ya kuchajiwa, na isiyotumika kwa wiki kadhaa huhifadhiwa ikiwa na chaji ya karibu nusu. Kisu butu nacho huinyonya betri (tena huchana majani badala ya kuyakata, ncha zikakauka na kuwa kahawia), hivyo betri huchomolewa kwanza, ndipo kisu kinolewe na nyasi zilizoganda chini ya mashine zikwanguliwe kwa kijiti, si kwa mpira wa maji. Betri iliyovimba haichajiwi tena.