Waifai Katika Kambi ya Ndege za Kivita: Ianzie Pale Isipotakiwa

Mwenye hoteli anayetaka waifai huwa na swali moja tu: mawimbi yatafika kila chumba? Mhandisi huzunguka na kompyuta yake, hupima, huongeza kisambazi pale mawimbi yanapofifia, na kazi imekwisha. Swali hilo likihamishiwa kambi ya jeshi la anga kama lilivyo, mpango unakwenda mrama kabla hata kebo ya kwanza haijavutwa. Katika kambi ya namna hiyo, ramani inayopaswa kuchorwa kwanza ni ya mahali ambapo mawimbi hayatakiwi kufika. Ya mahali yanapohitajika ifuate baadaye, na itoshee ndani ya mipaka ya ile ya kwanza.

Haja yenyewe ni ya kweli. Fundi aliye chini ya bawa la ndege anahitaji kitabu cha matengenezo, ambacho siku hizi kimo ndani ya kishikwambi. Anahitaji pia kuandika alichokirekebisha na kuagiza kipuri bila kurudi ofisini kila mara. Kebo haiwezi kulazwa juu ya maegesho yanayopitwa na ndege na magari ya mafuta usiku na mchana. Lakini mazingira yenyewe ni magumu kuliko yanavyoonekana. Ndege ya mizigo ya C-5 ya Marekani ina mabawa yanayofikia karibu mita 68 toka ncha hadi ncha, na mkia wenye kimo cha karibu mita 20. Ikiegeshwa, imekuwa ukuta wa chuma. Ikiondoka, ukuta umehama. Ndani ya hanga mawimbi hugonga bati, milango ya chuma na ubavu wa ndege, hurudi yakipishana, na huenda fundi akayapata vizuri aliposimama na kuyakosa akisogea hatua moja. Upimaji uliofanywa hanga ikiwa tupu unaonyesha hali ya jengo tu, wala hausemi lolote kuhusu siku ya kazi. Inabidi kupima tena ndege zikiwa ndani, milango ikiwa wazi, kisha ikiwa imefungwa.

Turudi kwenye ramani ya makatazo. Katazo la kwanza linatokana na wenyeji wa masafa. Waifai, hata ikiwa ya jenerali, kwa kawaida hutumia masafa yasiyohitaji leseni, na sheria ya Marekani kuhusu masafa hayo ni kali: usimwingilie mwenye haki, na ukiingiliwa, vumilia. Mwaka 2003 mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva uliruhusu mitandao hii itumie sehemu za masafa ya gigahezi 5 zilizokuwa zikitumiwa na rada tangu zamani, kwa sharti kwamba mgeni amsikilize mwenyeji. Kabla ya kutumia chaneli hizo, kisambazi husikiliza kwa dakika nzima. Kikisikia mapigo ya rada, hutakiwa kuhama ndani ya sekunde 10, na hakiruhusiwi kurudi kwenye chaneli hiyo kabla ya dakika 30. Ruta nyingi za nyumbani huziruka chaneli hizo kukwepa usumbufu huu. Kambini, visambazi vyote vya maegesho vinaweza kuisikia rada ileile kwa wakati mmoja, vikahama kwa pamoja, na mafundi wote wakabaki bila mtandao kwa sababu ambayo hakuna aliyewaeleza.

Asiyeamini kwamba sharti hilo lina maana ayatazame yaliyotokea San Juan, Puerto Rico, mwaka 2009. Rada ya hali ya hewa inayoutumikia uwanja wa ndege, ile inayogundua mabadiliko ya ghafla ya upepo ambayo yanaweza kuiangusha ndege inayotua, ilianza kuonyesha picha zenye kasoro. Wachunguzi walibaini chanzo kuwa vifaa vya intaneti ya pasiwaya vilivyofungwa nje, vikitumia masafa ya rada bila kuisikiliza ipasavyo. Jambo hili halijaisha hata kwa majeshi yenye fedha. Mwaka 2020 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza dola milioni 600 kwa majaribio ya 5G katika kambi tano, na kazi iliyopewa kambi ya jeshi la anga ya Hill, jimboni Utah, ilikuwa kutafuta namna rada za angani na mtandao wa simu zitakavyotumia masafa yaleyale bila kukwaruzana.

Katazo la pili ni la baruti. Makombora, roketi, na hata baadhi ya viti vinavyomfyatua rubani hewani ndege inapoharibika, huwashwa na vilipuzi vidogo vinavyoamshwa na umeme. Waya wa kilipuzi, pale unapokuwa wazi wakati wa kufunga au kufungua silaha, unaweza kufanya kazi ya antena na kunasa nishati ya redio iliyo jirani. Jeshi la Marekani lina kanuni maalumu za hatari hii, zinazojulikana kwa kifupi HERO, zinazoweka umbali salama kati ya kila kirusha mawimbi na kila aina ya silaha. Umbali huo hukua pamoja na nguvu inayorushwa, ila si kwa uwiano wa moja kwa moja: ukiipunguza nguvu hadi robo, umbali unaotakiwa hupungua hadi nusu. Kisambazi dhaifu kinaweza kukubaliwa pale ambapo chenye nguvu kitakataliwa. Watu wa silaha, kwa hiyo, wakae mezani siku ya kwanza ya mpango, siyo siku ya uzinduzi.

Katazo la tatu ni uzio, na hapa hesabu inasema mengi kuliko maonyo. Kisambazi kinachorusha miliwati 100 kwenye masafa ya gigahezi 2.4, mahali peupe, hufikisha kwa mpokeaji wa kawaida aliye umbali wa mita 100 kiasi cha sehemu moja ya bilioni ya wati. Kidogo sana kwa macho yetu, lakini kwa kompyuta ya mkononi kinatosha na kubaki. Kwa umbali wa kilomita 10 kompyuta hiyo haisikii kitu. Mpe aliyeishika antena ya dishi inayokusanya mawimbi mara 250, naye atasikia kama vile amesimama mita 630 kutoka kisambazi, almuradi hakuna kizuizi katikati. Viwanja vya ndege navyo hujengwa, kwa lazima, mahali tambarare pasipo vizuizi. Uzio humzuia anayetembea. Mpangaji anayepima nje ya uzio kwa simu yake, asione kitu, kisha akaandika kwamba mawimbi hayatoki, ameipima simu yake.

Atakuja mtu na hoja ya usimbaji: data ikiwa imefungwa kwa hesabu madhubuti, asikilizaye na asikilize. Hoja hii ina uzito, na hakuna kambi inayopaswa kuwasha mtandao bila usimbaji ulioidhinishwa. Hata hivyo usimbaji huficha maneno. Hauufichi ukweli kwamba mtu anazungumza. Anayetega sikio nje anaweza kuhesabu vifaa na kujua vimeamka saa ngapi, na katika hanga gani shughuli imeongezeka usiku wa manane. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aliionyesha dunia kwamba ramani ya mazoezi iliyochapishwa na programu ya Strava ilikuwa imechora njia za wakimbiaji ndani ya kambi za kijeshi. Hakukuwa na nywila iliyovunjwa wala siri iliyofunguliwa. Mienendo peke yake ilitosha. Isitoshe, kufuli zenyewe huchakaa: WPA2, kanuni ya usalama wa waifai iliyotegemewa tangu 2004, iligunduliwa kuwa na ufa mwaka 2017.

Basi, atasema mwingine, pigeni marufuku pasiwaya yote, turudi kwenye kebo. Kwenye majengo ya siri jibu hilo ni sahihi, na lisilegezwe. Kwa kambi nzima halifai, kwa sababu haja isiyopewa njia hujitafutia ya kwake. Mwaka 2023, ndani ya meli ya kivita ya Marekani USS Manchester, askari wa vyeo vya juu wasio na kamisheni walifunga kwa siri dishi la intaneti ya setilaiti la Starlink, wakajitengenezea waifai yao na kuipa jina STINKY, na kwa miezi kadhaa nahodha hakujua. Ilikuwa meli yenye sitaha finyu na watu wachache. Kambi ya ndege yenye maelfu ya watu, kila mmoja na simu mfukoni, ina maficho mengi zaidi. Mtandao halali wenye nguvu ndogo unaweza kusimamiwa na mitambo inayonusa visambazi haramu. Ule wa siri hausimamiwi na yeyote.

Hoja ya gharama ndiyo ngumu kuliko zote. Visambazi vichache vyenye nguvu kubwa, juu ya nguzo ndefu, ni nafuu kwenye karatasi. Kebo ya shaba haivuki mita 100, kwa hiyo visambazi vingi vidogo vinadai swichi nyingi, faiba, na mitaro ya kuchimbwa chini ya zege nzito. Sikatai kwamba ni ghali zaidi. Ila unafuu wa nguvu kubwa una udanganyifu ndani yake: mazungumzo ni ya pande mbili. Kisambazi kikipaza sauti, kishikwambi cha fundi kitakisikia kwa mbali, lakini chenyewe ni dhaifu, na jibu lake haliendi kokote. Nguzo ndefu nazo zina sheria zake. Kwa njia kubwa za kurukia za jeshi la Marekani, eneo la mita 305 kila upande wa mstari wa katikati hutakiwa kuwa wazi, na baada ya hapo kimo kinachoruhusiwa hupanda mita moja kwa kila mita 7. Nguzo ya mita 10, ardhi ikiwa sawasawa, inasukumwa hadi mita 375, mara nyingi mbali na ndege ilizokusudiwa kuzihudumia. Antena ndogo ubavuni mwa hanga, zilizoelekezwa chini na ndani, zinavikwepa vita hivyo vyote.

Hati ya zabuni ya kazi hii inayodai tu asilimia ya eneo litakalofikiwa na mawimbi irudishwe kwa aliyeiandika. Idai vipimo viwili vya kupokelea kazi: kimoja ndani ya hanga iliyojaa ndege, kingine nje ya uzio kwa antena ya dishi. Mkandarasi asilipwe mpaka afaulu vyote viwili.