J.S. Ondara: Alipoteza dau, akapata kazi ya maisha

Ukitaja Chepsaita, watu huwaza mbio za nyika. Lakini kama wewe ni kijana wa pande hizi za Turbo au mjini Eldoret, unajua pia kwamba muziki wa country una mashabiki sugu huku Bonde la Ufa. Tena si jambo la juzi. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey alirekodi wasichana Wakipsigis wakiimba kuhusu "Chemirocha". Huyo si mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika vijijini.

Sasa je, Mkenya anaweza kuuimba muziki huo akaishi kwao? Muulize J.S. Ondara.

Ondara alizaliwa Nairobi mwaka wa 1992. Alitaka gitaa, ila nyumbani pesa hazikuwepo. Alichokuwa nacho ni redio na daftari, basi akawa anaandika nyimbo bila ala yoyote. Siku moja akabishana na rafiki yake kuhusu wimbo "Knockin' on Heaven's Door". Yeye alishikilia kwamba ni wa Guns N' Roses. Wapi! Ni wa Bob Dylan. Dau likaenda, lakini akamgundua Dylan, na kupitia kwake akaujua muziki wa folk.

Mwaka wa 2013 alihamia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota alikozaliwa Dylan. Hapo ndipo alipopata gitaa na kujifunza kulipiga, akiwa na miaka 20 hivi. Alijiunga na chuo, akaacha masomo afuate muziki. Hebu fikiria ukiwapigia wazazi simu na habari hiyo! Alianza na vijukwaa vidogo vya wasanii chipukizi, akiimba nyimbo zake mbele ya watu wasiomjua.

Februari 2019 albamu yake ya kwanza, "Tales of America", ilitoka chini ya Verve Forecast. Ikateuliwa kuwania Grammy ya albamu bora ya Americana, yaani muziki unaochanganya folk, country na blues. Tuzo ilimwendea Keb' Mo' mwaka wa 2020, lakini jina la Mkenya lilikuwa limeshaingia kwenye orodha hiyo. Korona ilipofunga kumbi, hakukaa bure. Alitoa albamu nyingine kuhusu upweke wa kujifungia ndani. Mwaka wa 2022 akaachia "Spanish Villager No. 3".

Usinielewe vibaya. Sisemi uache chuo kesho, wala kwamba lazima upande ndege. Visa si ya kila mtu. Lakini angalia mpangilio wa mambo: maneno yalitangulia, gitaa likafuata miaka mingi baadaye. Kwa hivyo kama unangoja ununue ala ndipo uanze, unangoja nini hasa? Daftari ni bei ya chai na mandazi. Andika kuhusu Chepsaita unayoijua: mahindi, baridi ya asubuhi, wakimbiaji barabarani. Ondara aliimba Marekani kwa macho ya mgeni. Ya kwenu nani ataiimba, kama si wewe?