Treni moja, majimbo manne: Lubumbashi haiwezi peke yake kuwatoa watu barabarani

Mwezi wa sita na wa saba, Lubumbashi si mji wa joto. Uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10. Ndiyo majira ambapo wanaolala nje wanaonekana vizuri zaidi: karibu na gare ya SNCC, upande wa Njanja, chini ya vibaraza vya maduka katikati ya mji, juu ya meza tupu za soko ya Kenya. Wanawasha moto wa karatoni na plastiki. Asubuhi wenye maduka wanafika, wanamwaga maji mbele ya mlango, na kila mmoja anainuka na gunia lake. Watoto wanaelekea penye magari. "Papa, unisaidie mia tano ya mkate."

Mji huu wa pili wa Kongo, wenye watu zaidi ya milioni mbili, umezoea kuwaita wote mashege. Jina hilo moja linaficha watu wa namna nyingi. Kuna mtoto aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu mchungaji wa kanisa la mtaani alisema ni mchawi. Kuna mama aliyeshuka kutoka Kasai na watoto wake, na ndugu aliyemtegemea hapokei simu tena. Kuna pia mpangaji wa kawaida kabisa. Sheria ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu, lakini wenye nyumba wengi wanaomba zaidi, tena kwa dola. Anayeikosa anahamia kwa ndugu, halafu kwa rafiki, halafu kwenye uwanja wa kanisa, na mwisho nje. Huyo hakuna anayemwita shege, ila baridi inayompiga ni ile ile.

Wazee wa mji wanajua kwamba haikuwa hivi siku zote. Kwa familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, Gécamines ilikuwa mshahara, hospitali, shule na hata unga wa kila mwezi. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na uzalishaji wa shaba, uliokuwa umepita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ukaanguka karibu wote. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliolipiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Baba aliyelisha watu kumi akabaki kukaa kitini mbele ya nyumba. Nyumba ikikosa chakula, mara nyingi hutafutwa wa kulaumiwa, na mtoto yatima au mtoto wa mke wa kwanza ndiye anayeonekana haraka. Wengi wa waliotoka barabarani wakati huo leo ni watu wazima, na baadhi wana watoto wao huko huko nje.

Halafu kuna reli. Njia ya zamani ya BCK, iliyofika Ilebo mwaka 1928, bado ndiyo mshipa wa nchi hii. Kutoka Mwene-Ditu katika jimbo la Lomami, treni inaingia Haut-Lomami kwa Kaniama na Kamina, inapita Bukama na Luena, inavuka Lualaba kwa Lubudi na Tenke, halafu inashuka Likasi na kufika Lubumbashi. Majimbo manne. Anayekosa tiketi hupanda juu ya mizigo. Mwezi wa tatu 2022, treni ya mizigo iliyobeba mamia ya watu bila ruhusa ilianguka karibu na Buyofwe, katika teritwari ya Lubudi. Watu 75 walikufa. Wanaofika salama wanashuka gare, na wasio na mtu wa kuwapokea wanaanza maisha yao ya Lubumbashi pale pale.

Wanakimbia nini? Vita ya Kamuina Nsapu, iliyoanza 2016, iliwahamisha watu kama milioni 1.4 katika Kasai kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na mashamba na shule nyingi ziliharibika. Upande wa Tanganyika, mapigano ya Watwa na Waluba yalijaza makambi ya Kalemie. Mwanzoni mwa 2025, baada ya Goma na Bukavu kuangukia mikono ya M23, maelfu wengine walishuka hadi Kalemie kutoka Kivu, na Kalemie pia ni mwisho wa reli inayotoka Kamina kupitia Kabalo. Kwa msomaji wa Bukavu au Uvira, habari hii ya Lubumbashi si ya mbali.

Kuwahesabu wanaoshuka gare kungeonekana kuwa kazi rahisi ya ofisi. Katika Katanga si rahisi hata kidogo. Mwaka 1992 na 1993, wakati wa gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao. Maelfu walikaa miezi kwenye gare za Likasi na Kolwezi wakingoja treni ya kuwapeleka katika jimbo ambalo wengi wao hawakuwahi kuliona, na wengi walikufa kwa magonjwa na njaa. Kumbukumbu hiyo haijafutika. Leo afisa akisimama gare na daftari kuandika nani ametoka wapi, wengine watafikiri anatayarisha kufukuza watu, na wengine watamuuliza mbona hafukuzi. Kwa hiyo daftari linabaki ofisini, na mama aliyeshuka na watoto wake anapita bila mtu kumuuliza hata amekula nini.

Katiba ya 2006 haina shaka juu ya jambo hilo. Kifungu cha 30 kinampa kila Mkongomani haki ya kutembea na kukaa popote nchini. Kifungu cha 48 kinataja haki ya makao yanayofaa. Kazi iliyobaki ni kujua ni ofisi gani inayobeba haki hizo wakati mwenye haki yuko chini ya kibaraza saa nane ya usiku.

Hadi katikati ya 2015, swali hilo lilikuwa na jibu fupi: gavana mmoja aliongoza Katanga yote, kutoka Sakania hadi Kalemie. Kisha jimbo likakatwa vipande vinne, yaani Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kila moja likapata gavana wake, bunge lake na bajeti yake. Mtoto anayetoka Kamina hakujua lolote juu ya mpaka huo. Njia yake ni ile ile. Faili yake ndiyo inayokwama. Aliyemwona Kamina yuko chini ya serikali moja, aliyemkuta Likasi yuko chini ya nyingine. Ndani ya Lubumbashi penyewe kuna komini saba, na meya anayeteuliwa na rais wa Jamhuri. Polisi ni ya taifa, Divisheni ya mambo ya jamii, inayojulikana kama DIVAS, ni tawi la wizara ya Kinshasa. Wote hao wanakutana kwa mtoto mmoja, na hakuna aliye mkubwa wa mwenzake.

Katika hali hiyo, dawa ambayo kila mkubwa anaweza kuitumia peke yake ni lori la polisi. Sikukuu ikikaribia, au wizi ukizidi, watu wanakusanywa usiku. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2006 juu ya watoto wa barabarani wa Kongo ilieleza misako hiyo: watoto kukamatwa kwa wingi na kufungiwa mahali pa kusongamana, bila kosa linalojulikana. Baadaye wanaachiliwa na kurudi walipokuwa, au wanahamia komini jirani ambako lori halijapita. Mji unaonekana safi kwa muda mfupi.

Mambo haya si ya Kongo tu. Mwezi wa pili 2019 huko Kenya, watoto wa barabarani wa mji wa Nakuru walikutwa wameachwa karibu na msitu wa Chemususu, katika kaunti jirani ya Baringo. Jambo likafika Seneti. Kenya ilikuwa imegawanya mamlaka kwa kaunti 47 miaka michache kabla, kama Kongo ilivyogawanya majimbo, na mzigo usio na mwenyewe ukasukumwa upande wa pili wa mpaka. Na pale ambapo wakubwa wanawaacha raia wajitafutie dawa, mambo huwa mabaya zaidi: mwezi wa tisa 2004 huko Mbuji-Mayi, watu wenye hasira waliwaua watoto wa barabarani zaidi ya 20.

Wengi siku hizi wanataja Kaniama-Kasese, kambi ya Huduma ya Taifa katika Haut-Lomami, ambako vijana wa kuluna kutoka Kinshasa wanapelekwa tangu 2020 kulima mahindi na kujifunza ufundi. Baadhi wamerudi wakiwa maseremala na waashi, na hilo halipaswi kudharauliwa. Lakini kambi ya vijana waliotuhumiwa ujambazi haina jibu kwa mtoto wa miaka saba aliyeitwa mchawi, wala kwa mama aliyekosa garanti. Kuwaweka wote katika kapu moja ni kurudia kosa la jina lile la mashege.

Kwa watoto, sheria ya kufanya tofauti ipo tayari. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 iliiweka kando amri ya kikoloni ya 1950, iliyokuwa ikimtazama mtoto mzururaji kama wa kushtakiwa. Katika sheria mpya, mtoto aliyefukuzwa au anayezurura ni mtoto aliye katika shida, anayestahili ulinzi. Mfanyakazi wa huduma za jamii anaweza kumweka kwa muda katika familia au katika kituo, chini ya macho ya hakimu wa watoto. Anayemwita mtoto mchawi anaweza kufungwa mwaka mmoja hadi mitatu.

Wanaoifanya kazi hiyo kila siku mjini Lubumbashi ni watu wa makanisa na mashirika zaidi kuliko serikali. Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika hapa mwaka 1911, wana mfululizo wa nyumba. Bakanja Ville, yenye jina la mwenye heri Isidore Bakanja, inapokea wale ambao ndiyo wanaanza kutoka barabarani. Magone ni ya wale waliokubali kukaa na kusoma. Kutoka hapo kuna nafasi za shule na ufundi.

Kinachochukua muda mrefu ni familia. Mtoto wa barabarani hasemi ukweli siku ya kwanza. Anatoa jina la uongo, kijiji cha uongo, baba aliyekufa ambaye bado yu hai. Mlezi anasikiliza kwa majuma. Siku moja mtoto anataja jina la mwalimu, au la mto, na utafutaji unaanza. Nyumba ikipatikana, bado hajarudishwa. Lazima kuongea na mama wa kambo, na mjomba, pengine na mchungaji mwenyewe, na kurudi tena kuona kama mtoto anakula pamoja na wengine. Familia ikiwa Katuba au Ruashi, mlezi anapanda basi. Ikiwa Luena au Mwene-Ditu, anahitaji siku kadhaa za safari, pesa ya wawili kwenda na ya mmoja kurudi, na mtu wa kuaminika huko atakayepita mwezi unaofuata kutazama. Mtu huyo wa huko ndiye anayekosekana. Asipokuwepo, mtoto anaweza kupanda treni tena na kufika gare ile ile.

Hapo ndipo serikali nne zingeweza kufanya kitu ambacho Wasalesiani hawawezi. Si lazima kuanza na majengo. Daftari moja la watoto, linalosomeka Lubumbashi, Kolwezi, Kamina na Kalemie, likilindwa ili lisigeuke orodha ya makabila. Meza ya mapokezi katika gare kubwa, yenye maji, simu na kitanda cha usiku mmoja. Mfuko mdogo wa safari na ufuatiliaji. Kwa watu wazima, msaada wa garanti na mashauri ya nyumba yanayokatwa haraka. Finland, nchi tajiri na ya baridi kuliko Lubumbashi, ilipunguza watu wasio na makao kutoka zaidi ya 16,000 mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi chini ya 4,000 mwaka 2022, na mojawapo ya njia zake ilikuwa mikataba ya maandishi kati ya serikali na miji mikubwa, kila mmoja akijua sehemu yake ya malipo.

Pesa itatajwa, na ni haki kuitaja. Kifungu cha 175 cha Katiba kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, na magavana hawajaacha kulalamika kwamba hawaipati yote. Lakini Haut-Katanga na Lualaba ndiyo majimbo ya shaba na kobalti; si maskini wa kukosa tiketi ya treni ya mlezi mmoja.

Wala haiwezi kusemwa kwamba wakubwa wa Katanga hawawezi kukaa meza moja. Mwezi wa tano 2022, Askofu Mkuu Fulgence Muteba aliwaita Lubumbashi watu wa majimbo yote manne kwa ajili ya umoja na upatanisho, na Joseph Kabila na Moïse Katumbi walipeana mikono mbele yao. Kama wanasiasa hao waliweza kukutana, wakuu wanne wa mambo ya jamii wanaweza pia.

Njia ya kisheria iko katika kifungu cha 199 cha Katiba: majimbo mawili au zaidi yanaweza kukubaliana kuunda chombo cha kulinganisha siasa zao na kuendesha huduma fulani pamoja. Kifungu kinachofuata, cha 200, kinahusu Mkutano wa Magavana, ambao huitishwa na rais. Cha 199 hakimngoji mtu wa Kinshasa. Kinahitaji magavana wawili waliokubaliana, na Lubumbashi na Kolwezi zimeachana kwa kilometa 300 hivi za barabara.