Uzi: Viza imeondolewa au imepewa jina jipya? Tuichambue eTA

1. Mjadala wa siasa ukigusa tu mipaka, utasikia pande mbili. Mmoja anasema, "Tumefungulia Afrika nzima milango." Mwingine anajibu, "Wapi! Hiyo ni viza imebadilishwa jina." Kila upande una ukweli kiasi, ndiyo maana hawamalizani. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na hapa sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tujue kinachobishaniwa ni nini hasa.

2. eTA ni idhini ya kusafiri unayoiomba mtandaoni kabla hujapanda ndege. Unajaza fomu, unaweka picha yako na ya pasipoti, unaeleza utafikia wapi, unalipa, halafu unangoja jibu. Huendi ubalozini. Lakini bila hiyo idhini, unaweza kuzuiwa kwenye kaunta ya shirika la ndege huko huko kwenu. Na hata ukiwa nayo, afisa wa uhamiaji bado anaweza kukukatalia ukifika.

3. Kenya ilianza kuitumia Januari 2024, baada ya kutangazwa kwamba hakuna mgeni atakayehitaji viza tena. Ada ikawa dola 30, bila kuhesabu gharama za malipo. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakaachwa nje ya hesabu hiyo. Mpaka hapo sawa.

4. Sasa fuateni bei. Kabla ya hapo, Mmarekani alilipa dola 50 kupata viza ya kuingia mara moja. Kwake yeye mambo yakawa rahisi na nafuu. Lakini raia wa Zambia, Malawi au Botswana walikuwa wanaingia bila viza na bila kulipa chochote. Kwao, tangazo la "hakuna viza" likaja na fomu na dola 30. Kumbe sera moja inaweza kumfungulia wa mbali na kumwekea jirani kizingiti.

5. Hapo ndipo neno "viza" linapotuchanganya. Kwa nchi tajiri, kitu cha aina hii kilibuniwa kwa watu ambao tayari hawahitaji viza. Marekani ina ESTA, iliyokuwa lazima tangu 2009, na Canada ilianza yake 2016. Mgeni wa nchi nyingine bado anaomba viza kamili. Kenya ikachukua njia tofauti: ikafuta viza na kuweka eTA kwa karibu kila mtu. Ukiiangalia kutoka London, mlango umefunguka. Ukiiangalia kutoka Lusaka, umefungwa kidogo.

6. Malalamiko yalisikika, na sheria ikabadilika. Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuondoa eTA kwa nchi za Afrika, na Julai mwaka huo ikaanza kutumika. Raia wa nchi nyingi za Afrika sasa wanaingia bila kuomba na kukaa hadi miezi miwili. Wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hadi miezi sita. Nchi mbili ziliachwa nje: Libya na Somalia. Sababu iliyotolewa ni usalama.

7. Libya iko mbali. Somalia ni jirani. Tunapakana nayo Mandera, Wajir, Garissa na Lamu. Kuna koo zilizo pande zote mbili za ule mstari, na biashara za Eastleigh zina mkono mmoja Nairobi na mwingine Mogadishu. Halafu kumbuka, Somalia ni mwanachama wa Jumuiya yetu tangu 2024.

8. Chukua wanafunzi wawili wanaohitimu chuo kimoja Nairobi. Mmoja mamake yuko Kampala. Mama anapanda basi la usiku na kitambulisho chake mkononi, asubuhi yuko mjini. Wa pili mamake yuko Mogadishu. Yeye lazima aombe idhini mapema, alipe, angoje. Jibu likichelewa, mahafali yanaisha kabla hajafika. Jumuiya ni ile ile, sherehe ni ile ile.

9. Je, huo ni uvunjaji wa mkataba? Tusikimbilie jibu. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kazi Julai 2010, ina Kifungu cha 7 kinachozungumzia watu kutembea huru. Lakini kifungu hicho hicho kinaruhusu nchi kuweka vikwazo kwa sababu za sera ya umma, usalama wa umma au afya ya umma. Kwa hiyo anayesema "mkataba unakataza kabisa" hajasoma mpaka mwisho. Na anayesema "usalama" kisha akanyamaza, pia hajamaliza kazi yake.

10. Hoja ya usalama si ya kupuuza. Westgate 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa 2015, hakuna Mkenya aliyesahau. Swali langu ni jingine: je, fomu ya mtandaoni inamzuia nani? Anayejaza fomu ametoa jina, picha, pasipoti na anwani. Anayekuja kwa nia mbaya anaweza kupita porini bila kujaza chochote. Fomu inasaidia kuchuja wanaokuja kwa njia halali, sawa. Lakini haiwezi kuwa jibu la mpaka mzima, na wanasiasa wa pande zote huongea kana kwamba inaweza.

11. Historia nayo inatufunza subira. Sudan Kusini iliingia Jumuiya 2016, lakini viza kati yetu nao zikaondolewa 2021. Kongo iliingia 2022, viza zikaondoka 2023. Kwa hiyo kujiunga ni hatua moja, mlango kufunguka ni hatua nyingine. Somalia kungoja si ajabu. Ajabu itakuwa kungoja bila mtu kusema wanangoja nini na mpaka lini.

12. Kuna na hoja ya nipe nikupe: "Kwa nini tuwafungulie, wao wametufungulia?" Ni swali halali, lakini si sheria ya maumbile. Rwanda ilitangaza 2023 kwamba Mwafrika yeyote anaweza kuingia bila viza, bila kusubiri kila nchi ilipe fadhila. Nchi inaweza kuamua kwamba wageni, biashara na sifa njema vinatosha kuwa malipo.

13. Msimamo wangu, na mnaruhusiwa kunipinga: kumwekea jirani masharti ya usalama kunaweza kutetewa. Kumwekea masharti bila kueleza ni nini kikibadilika yataondolewa, hapana. Serikali inayoomba mama wa watu dola 30 na wiki ya wasiwasi inadaiwa maelezo.

14. Basi ukisikia tena mtu jukwaani akisema "tumeondoa viza" au "wametudanganya", usipige makofi kwanza. Muulize: nani bado anaomba kabla ya kusafiri? Analipa ngapi, na zamani alilipa ngapi? Akikataliwa, anaambiwa sababu na anaweza kukata rufaa wapi? Na walioachwa nje, wameachwa mpaka lini?

15. Kama una jamaa ng'ambo ya mpaka, wa upande wowote ule, tuambie hapa chini mara ya mwisho alivyokuja ilimchukua nini. Matusi na majina ya wanasiasa yabaki huko mlikozoea.