"Mbao Kavu" Ni Kavu Kiasi Gani?

Kuna neno moja ambalo wauza mbao kati ya Kakamega mjini na Navakholo hulitamka kwa wepesi mno, nalo ni "kavu". Mbao iliyopasuliwa juzi na kuanikwa kando ya barabara kwa siku kumi ni kavu. Iliyokaa ghalani miezi sita ni kavu. Iliyotoka katika tanuri la kukaushia nayo ni kavu. Sisi tunaofundisha isimu tutasema kwamba neno limebebeshwa maana tatu. Mwalimu mkuu ambaye dari ya darasa lake imepinda kama pakacha atalisema jambo hilo kwa lugha kali zaidi.

Tangu Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023 katika mazingira ya shule za msingi, walimu wengi wamejikuta wakisimamia ujenzi, kazi ambayo hawakuisomea chuoni. Miongoni mwa vifaa wanavyonunua ni mbao zilizokwisha kumalizwa karakanani: zimepigwa randa, zimechongwa ulimi ubavu mmoja na mfuo ubavu wa pili (mafundi huziita kwa herufi mbili tu, T na G), kisha zikapakwa vanishi. Fundi akizipokea kazi yake ni kupanga na kupiga misumari. Hivi majuzi nilisoma hati ya kuagizia mbao ya shule moja katika eneo bunge la Navakholo. Ilikuwa ya Kiingereza, sentensi moja tu, nayo ilidai mbao "za daraja la kwanza, zilizokaushwa vizuri". Haikutaja aina ya mti, wala unene, wala kiwango cha unyevu. Muuzaji akileta chochote atakuwa ametimiza ahadi.

Hili si suala la ufasaha tu. Mti uliokatwa karibuni hushikilia maji mengi, na ubao huanza kusinyaa unyevu wake unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu. Hausinyai sawasawa pande zote, na ndiyo sababu hujikunja. Ubao ukipakwa vanishi ungali mbichi, rangi huzuia maji yasitoke upesi, na hung'aa vizuri sana siku ya kupokelewa. Kisha huja Januari, mabati yanawaka juu ya dari, na kila ulimi unachomoka katika mfuo wake. Mng'ao pia huficha mengi: vifundo vilivyolegea, madoa ya kuvu, matundu ya wadudu yaliyozibwa kwa nta.

Ilhali shule yenye maabara ina chombo cha kumhoji muuzaji. Kateni kipande kidogo kutoka katikati ya ubao ambao haujapakwa vanishi, si nchani, maana ncha hukauka mapema. Kipimeni uzito. Kiwekeni katika tanuri la maabara kwenye nyuzi 103 za Selsiasi, mkipime tena na tena hadi uzito usipungue. Kikianza na gramu 130 na kuishia gramu 100, ubao una unyevu wa asilimia 30, urudisheni. Kwa dari na kuta za ndani, asilimia 12 hadi 14 inafaa. Wanafunzi wa fizikia wangefaidika na zoezi hili kuliko mengine niliyoyaona vitabuni.

Wapo watakaoniambia kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi kama hii, ndiyo maana hati ikaandikwa Kiingereza. Hoja hiyo haina mashiko. Biashara ya mikoko ya Lamu na Rufiji iliuza miti Arabuni na Ghuba ya Uajemi kwa karne nyingi, nayo iliendeshwa kwa majina ya Kiswahili yaliyokuwa mapatano kamili: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila jina lilikuwa na unene wake, na miti ilihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Aliyeagiza korja ya boriti hakuletewa mazio. Urefu wa boriti ndio ulioamua hata upana wa vyumba katika nyumba za mawe za pwani. Sisi wa bara tumerithi maneno ya mbao tukayaacha mapatano.

Chukua kipimo cha "inchi nne". Ubao huo ulikuwa wa inchi nne ulipotoka kwenye msumeno. Randa inaweza kuuacha na inchi tatu na nusu, na ulimi ukizama ndani ya mfuo hupotea robo nyingine. Darasa lenye upana wa futi 20 linahitaji safu 60 kwa hesabu ya karatasini. Kwa upana unaoonekana wa inchi tatu na robo linahitaji 74. Andikeni basi upana unaoonekana, mwongeze sehemu moja kwa kumi ya kukatia, na mdai mbao zote za mkupuo mmoja, kwani za mkupuo wa pili hazitaoana kwa rangi.

Kuhusu aina ya mti, serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, wanunuzi walielekea zaidi kwenye mikaratusi ya mashambani. Rais William Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, lakini mikaratusi michanga ingali sokoni. Ni mti mzuri wa nguzo. Kwa dari huwa msumbufu, hupasuka na kujipinda. Mimi ningechagua saiprasi au paini, na ningeitaja kwa jina katika hati.

Mbao zikifika zisirundikwe sakafuni penye saruji mbichi. Zipangwe ndani ya chumba zitakamofungwa, zikitenganishwa kwa vijiti, kwa wiki mbili hivi. Fundi akikata ncha aipake vanishi siku hiyo hiyo, na aache nafasi ya nusu inchi ukutani, maana masika yakianza Machi mbao zitavimba. Baada ya hapo kazi si kubwa: kitambaa kikavu badala ya ndoo ya maji, bati linalovuja lizibwe kabla ya dari kupakwa upya, na kila muhula mtu apande ngazi aangalie pembe za kuta. Njia nyembamba ya udongo inayopanda ukutani ni ya mchwa. Ibomolewe siku hiyo, na chanzo chake kitafutwe nje, penye msingi.