Waliokuja Eldoret Kusikiliza Moyo

Ukitaja masomo ya ng'ambo mjini Eldoret, mazungumzo huishia Finland. Wazazi waliolipa karo kupitia kaunti, watoto waliokwama, kesi mahakamani: yamesemwa hadi yamechakaa. Nami nilikuwa na daftari tayari kuyaongezea. Ila daktari mmoja, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Moi ambaye sasa ndiye anayewafundisha wanafunzi wa udaktari wodini, alinitajia jambo lililonikaa kichwani tangu hapo. Kuna wanafunzi wa Marekani, alisema, wanaofika mji huu na kusikia kwa mara ya kwanza mlio ambao kwao wameusoma vitabuni tu.

Mlio wenyewe ni wa moyo uliougua. Ugonjwa wenyewe huanzia kooni. Mtoto wa shule anameza mate kwa shida, homa inampanda, anapewa chai ya tangawizi, siku chache baadaye amepona na yuko uwanjani. Penisilini hakupata. Kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili iliyopigana na vile vijidudu vya koo hugeuka ikashambulia moyo. Miaka inapita. Msichana ameolewa, ana mimba, akipanda kilima kidogo anahema. Valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, imekakamaa, na tundu lake limebana.

Kuusikia kuna ufundi, na hapa daktari wangu alisahau kabisa kwamba chai yake inapoa. Mgonjwa analalia ubavu wa kushoto. Stetoskopu inageuzwa upande wa kengele, ule mdogo, kwa kuwa sauti inayotafutwa ni nzito na ya chini. Inawekwa pale pigo la moyo linapogusa mbavu, na inawekwa kwa wepesi. Ukikandamiza, ngozi inajikaza na mlio unapotea. Mama anaombwa atoe pumzi na angoje kidogo kabla ya kuvuta nyingine. Pigo la kwanza linatokea kali kuliko kawaida. Linafuata la pili, halafu mwaliko mfupi wa valvu ngumu ikifunguka. Baada yake, wakati moyo unapojaa damu, ndipo unaposikia mngurumo wa mbali, kama lori linalopanda Timboroa usiku.

Alipokuwa mwanafunzi hakuusikia upesi. Wenzake walitikisa vichwa kwamba wameusikia, naye akatikisa chake, akijua anadanganya. Aliyemwokoa ni daktari mkuu wa zamu aliyemwambia afumbe macho na asitafute kitu chochote, asikilize tu ule ukimya baada ya pigo la pili na kujiuliza kama kweli ni ukimya.

Wale wageni wa Marekani huletwa na ushirikiano wa Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, nao unajulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Indianapolis walikuwa wakitafuta chuo cha kushirikiana nacho, wakamkuta Profesa Haroun Mengech akianzisha kitivo cha udaktari Eldoret. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1990, na tangu 2001 wengi wetu tumeujua ushirikiano huo kwa jina la AMPATH na dawa za Ukimwi. Kisichosemwa sana ni kwamba wanafunzi nao hubadilishana: wa Indiana huja kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na wachache wa Moi huenda Indianapolis.

Daktari wangu alikuwa miongoni mwa hao wachache. Kilichomshangaza huko, kuliko theluji, ni kwamba hakuna aliyemtuma. Hapa Eldoret mwanafunzi wa udaktari alitoa damu mwenyewe, akaipeleka maabara mwenyewe, akarudi kuulizia majibu mwenyewe, na usiku akazalisha. Kule majibu yalimtangulia kwenye kompyuta. Alipata saa za kusoma ambazo hosteli za hapa, na kelele zake na mabishano ya hadi usiku wa manane, hazikuwahi kumpa. Alisoma mno, anasema, na aliyakosa mabishano hayo mno.

Siku moja kule aliombwa amweleze mgonjwa mwenye tatizo la valvu. Akaanza na alichokisikia kifuani. Wakamsubiri kwa adabu amalize, kisha wakafungua picha za eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kwenye skrini. Alikuwa amesikia sawasawa. Hakuna aliyelitaja hilo, na sioni kwa nini wangelitaja: picha ilikuwa na vipimo, sikio lake halikuwa navyo.

Nilitaka kuandika kwamba chuo cha nyumbani kilishinda. Alinikataza. Hilo sikio, aliniambia, lilinolewa na magonjwa ambayo hayakupaswa kuwepo. Marekani ugonjwa huu wa valvu unaoanzia kooni umepungua mno. Makazi bora na penisilini vilichangia. Akina mama anaowafundishia nao ni wagonjwa walewale waliokosa sindano ya koo utotoni na sasa wanadungwa nyingine kila baada ya wiki tatu au nne, ili homa ile isirudi na kuiharibu valvu zaidi. Anapomwomba mmoja wao alale ubavu ili vijana sita wamsikilize kwa zamu, watatu wao wageni, husema samahani mama, na mama hujibu hakuna shida. Yeye hana hakika kama kweli hakuna.

Kwa wanafunzi wake ameweka sharti: andika ulichosikia kabla ya kufungua majibu ya eko. Wananung'unika. Foleni ni ndefu, wanasema, na mashine itasema tu. Huwajibu kwamba mashine iko Eldoret, ilhali mwakani mmoja wao huenda akapangwa Lodwar au Kapenguria. Jibu hilo liliwanyamazisha kwa miaka kadhaa. Hivi majuzi mwanafunzi mgeni alitoa mfukoni kipimo kidogo cha ultrasaundi, akakichomeka kwenye simu yake na kumwonyesha valvu ikicheza kiooni. Vijana wa Moi waliacha stetoskopu wakamzunguka. Daktari naye alisogea, na swali la kwanza aliloulizwa na wanafunzi wake lilikuwa kama bado wanapaswa kuandika.

Aliwaambia ndiyo. Sababu, ananiambia, bado anaitafuta.